Mchagua Brashi

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi pale Ngamiani, Tanga, ukaomba brashi ya rangi ya maji, utapewa brashi ya ukuta. Kwa watu wengi rangi ya maji ni ile ya ndoo, inayopakwa sebuleni siku chache kabla ya Idi au kabla ya harusi, na brashi yake huulizwa kwa inchi: tatu au nne? Nilieleza kwamba nataka ya kuchorea picha, yenye ncha, inayokunywa maji mengi. Mzee mwenye duka akaleta za kupakia gundi, akaleta za vanishi, mwisho akaleta ya kupakia povu la kunyolea ndevu, na nakiri kwamba hiyo ndiyo iliyokaribia. Nilizigusa zote, nikazipinda kwenye kiganja, nikazirudisha. Akavua miwani, akaniangalia.

"Mwanangu," akasema, "mchagua jembe si mkulima."

Tulicheka wote wawili, nikaaga. Kicheko kikaniishia kabla sijafika nyumbani.

Kiswahili hakimpendi mtu anayechagua. Mchagua jembe si mkulima. Mchagua nazi hupata koroma: yule anayezitikisa moja moja sikioni, akiirudisha hii na kuinua ile, ndiye atakayefika jikoni na isiyokomaa, isiyotoa tui la maana. Methali zote mbili zimetoka kwa watu wa kazi, wa shamba na wa jiko, na zote zinashuku kwamba nyuma ya uchaguzi mrefu kuna uvivu uliovaa kanzu. Mvua ya vuli haimsubiri mtu anayelinganisha mipini.

Na katika uchoraji wa nchi yetu mzee hakosi shahidi. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alichukua vilivyokuwapo: vipande vya hadibodi na rangi za mafuta za madukani, zile za kupakia nyumba na baiskeli. Alifariki 1972. Katika miaka hiyo michache aliacha mtindo ambao leo unauzwa kwa jina lake kuanzia Msasani hadi Nungwi. Sasa mimi ni nani, nisimame dukani nikipinda brashi ya kunyolea?

Utetezi wangu unaanza na aibu. Brashi zangu za kwanza zilikuja ishirini na nne, ndani ya pochi moja ya plastiki, kwa bei ambayo ilipaswa kunishtua. Zilikuwamo bapa, za mviringo, za umbo la kipepeo cha jiko, na nyingine nyembamba kama unyasi. Nilizipanga mezani nikajiona tajiri. Mwezi haujaisha zilikuwa zimemwaga nywele kwenye kila anga nililochora, ncha zimepasuka pande mbili kama ulimi wa nyoka. Lakini hasara kubwa ilikuwa nyingine. Nilikuwa naacha kazi katikati ili nitafute ile ambayo huenda ingefaa zaidi. Kaskazi ikivuma, rangi iliyolowa kwenye karatasi haina subira; niliporudi na brashi mpya mkononi, sehemu niliyoiacha ilikuwa imeanza kukauka, na maji mapya yaliyoingia yalisukuma chembe za rangi pembeni, yakaacha doa lenye kingo za kukwaruzika kama ramani ya kisiwa. Mchoraji wa rangi za mafuta anaweza kukwangua akaanza upya. Wa rangi za maji huishi na alichokigusa.

Zile ishirini na nne, nikizikumbuka sasa, zilikuwa uchaguzi mmoja uliokataa kwisha. Sikuwa nimenunua brashi. Nilikuwa nimenunua haki ya kuendelea kuchagua kila siku, kila dakika, mpaka rangi ikauke.

Tofauti kati ya brashi na brashi nilifundishwa na maji. Brashi ya rangi za maji hubeba kwanza, huchora baadaye. Ina tumbo na ina ncha. Maji hukaa katikati ya nywele kwa nguvu ileile inayopandisha mafuta kwenye utambi wa kandili. Ukigusa karatasi, karatasi huyavuta. Ukibonyeza, tumbo huachia zaidi. Ukiinua mkono, nywele hukusanyika tena na ncha ikawa moja. Basi kazi yake ni kushika, kuachia na kurudi. Nailoni ya bei ya chini hushika kidogo na kumwaga chote kwa pamoja, kama mtu asiyeweza kukaa na siri: dimbwi mwanzoni mwa mstari, ukavu mwishoni. Nywele za mbuzi hunywa vizuri sana, lakini zikiinama zimeinama. Huko kurudi ndiko kunakopandisha bei, na mimi naona bei hiyo ni ya haki. Kitu kisichopinda kabisa ni kijiti. Kilichopinda kikabaki hivyo ni ufagio uliochoka.

Kulijaribu hili ni rahisi. Omba kikombe cha maji. Brashi mpya hugandishwa kwa wanga ili isiharibike safarini, kwa hiyo ncha unayoiona kwenye rafu ni ahadi ya kiwanda tu. Ioshe wanga utoke, ijaze maji, ikung'ute mara moja kwa nguvu. Ikikusanyika kuwa ncha moja, lipa. Ikibaki imetawanyika, irudishe, hata muuzaji akinuna.

Usitegemee maandishi ya kwenye mpini. Brashi nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni za nywele za ngamia, na ndani yake hakuna unywele hata mmoja wa ngamia. Nywele za ngamia ni kama sufu, zina mawimbi, hazikusanyiki kuwa ncha. Kinachotiwa humo ni kindi, mbuzi, farasi, ng'ombe, au mchanganyiko wa vyovyote vilivyopatikana. Nilipolijua hili nilifurahi kwa sababu ya kipuuzi: miaka yote nimenunua vitu Ngamiani na sijaona ngamia wa Ngamiani. Zile za ghali kabisa, zinazoitwa Kolinsky, nazo Waingereza huzitaja kwa jina la mnyama mwingine mwenye ngozi ya kifahari, ilhali zinatoka mkiani mwa kicheche wa Siberia na kaskazini-mashariki mwa China. Wachina, ambao wameandika kwa nywele za kicheche huyohuyo tangu zamani, brashi zao wanaziita za nywele za mbwa mwitu. Inaelekea hakuna anayetaka kumtaja mnyama mwenyewe.

Kwa watu wa pwani lipo swali linalotangulia hilo. Brashi nyingi ngumu, za ukuta na za rangi za mafuta, ni za manyoya ya nguruwe, na Mwislamu mwangalifu huuliza kabla hajaishika kwa mkono uliolowa. Mzee wangu wa Ngamiani huziweka kwenye ndoo ya peke yake, hazichanganyi, na mteja akiuliza anajibiwa bila kuzungushwa. Laiti na viwanda vingekuwa na adabu hiyo.

Ya kicheche ninayo moja. Bei yake ilikaribia kodi ya chumba changu, na niliinunua kwa hisia mbili zisizopatana. Mnyama amekufa kwa ajili ya mawingu yangu. Sina jibu linaloniridhisha, ila nimejiwekea kwamba hiyo ni ya kwanza na ya mwisho. Brashi bapa yangu ni ya nailoni, ya aina nzuri, na siku hizi za namna hiyo zinazidi kuwa bora. Lakini tangu nilipojua jinsi ile ya kicheche inavyotengenezwa, methali ya mzee imekuwa ikinisumbua kwa namna nyingine.

Fundi huchukua nywele za mkia, hasa za dume, hasa za majira ya baridi. Huchana na kutoa sufu ya chini. Hupanga nywele zote zielekee upande mmoja, na kila uliogeuka kichwa chini huutoa, kwa jicho na kwa ncha ya kisu. Kisha huzitumbukiza, ncha zikiwa chini, ndani ya kikombe kidogo kilichochongwa kwa umbo la ncha inayotakiwa, akakigonga, akakigonga, mpaka zijikalishe zenyewe. Hapo hufunga uzi, huingiza kwenye kola ya chuma, hutia gundi. Upande wa shina unaweza kukatwa. Upande wa ncha mkasi hauruhusiwi kufika, kwa sababu unywele wa asili umenenepa katikati ukachongoka mwishoni, na mchongoko huo ukishakatwa haurudi. Ncha ninayochorea ni mamia ya ncha zilizokubaliana.

Unywele ule uliota kwa ajili ya theluji. Haukujua karatasi. Fundi hakuutengeneza, aliutambua katikati ya mingine, akauweka mahali pake. Ukiiondoa hatua ya kuchagua, brashi yenyewe haipo, kuna fungu la manyoya tu. Yule anayetupa unywele mmoja uliogeuka hacheleweshi kazi, maana hiyo ndiyo kazi. Je, naye si mkulima?

Kwa muda mrefu nilidhani methali imekosea. Sasa nadhani mimi ndiye niliyeisoma vibaya, na kosa langu lilikuwa la sarufi. Tazama watu wa methali zetu: mpanda ngazi, mfuata nyuki, mtaka cha uvunguni, mchagua jembe. Hawana wakati uliopita. Mpanda ngazi yupo ngazini milele, hajafika juu. Mfuata nyuki bado anafuata. Lugha imemkamata kila mmoja katikati ya tendo ikamwita kwa tendo hilo, kana kwamba hana jingine. Methali haikusema aliyechagua jembe si mkulima. Ilimsema yule ambaye kuchagua kumekuwa ndiyo makazi yake. Kiswahili kina hata neno lake, ukilirudia shina: kuchaguachagua. Kuchagua kuna mwisho. Kuchaguachagua ni kupapasa.

Bibi yangu alilima Muheza maisha yake yote. Majembe ya nyumba yaliegemezwa ukutani, manne au matano, na alfajiri, giza halijaondoka, alinyoosha mkono akachukua lake bila kutazama. Lilikuwa limelika kona ya kulia, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akipiga. Mjukuu akilishika kimakosa aliambiwa aliweke chini. Kama ungemwita mchagua jembe angekucheka, na bado lile jembe lilikuwa limechaguliwa kuliko brashi yoyote niliyowahi kuimiliki. Uchaguzi wake ulikuwa umeshazeeka mpaka ukaonekana kama mazoea.

Malkia Victoria wa Uingereza naye alikuwa na lake. Alichora kwa rangi za maji tangu ujana. Mwaka 1846 Edward Lear, yuleyule wa mashairi ya kuchekesha, alikwenda kumpa masomo. Mwaka 1866, kama kampuni ya Winsor & Newton inavyosimulia, malkia aliagiza atengenezewe brashi bora kadiri inavyowezekana, kwa ukubwa alioupenda, nambari 7. Ndiyo asili ya zile zinazouzwa mpaka leo kwa jina la Series 7. Inasimuliwa kwamba za malkia mwenyewe zilikuwa na mpini wa pembe ya ndovu na kola ya fedha, na kwa kuwa miaka hiyo Zanzibar ndiyo iliyokuwa soko kubwa la pembe, huenda sisi tulikuwamo mkononi mwake bila kualikwa. Lakini mimi huvutiwa na ile 7. Mwanamke ambaye angeweza kuagiza namba zote, kuanzia ya unywele mmoja hadi ya kufagilia, alikuwa na namba yake.

Namba zenyewe hazina sheria ya pamoja. Nambari 8 ya Mfaransa, ya Mjerumani na ya Mwingereza hazilingani, kama viatu vya mtumba. Wanafunzi wakiniuliza wanunue namba ngapi, nawaambia wanunue kubwa kuliko wanayoifikiria, moja ya mviringo, nzuri kadiri mfuko unavyoruhusu. Wengi hawaniamini. Wanadhani kazi ndogo inataka brashi ndogo. Brashi kubwa yenye ncha kamili huchora mstari mwembamba kama uzi wa buibui ukiigusisha tu, na ukiilaza hufunika anga la nusu karatasi kwa pumzi moja. Ndogo zimo ndani yake. Kubwa haiwezi kupatikana kwa kuzijumlisha ndogo sita. Na brashi ndogo ina mtego mwingine: hukauka haraka, inakulazimisha kurudi kwenye kikombe kila baada ya vidole viwili vya mstari, na kila unaporudi unapata nafasi ya kubadili nia. Picha zilizochorwa kwa brashi ndogo hujulikana kwa mbali. Zina tope la mashauriano.

Utaniuliza habari za wale wasiohitaji brashi yoyote. Yupo Turner, mchoraji wa Uingereza. Mwaka 1818, akiwa mgeni wa rafiki yake Walter Fawkes huko Farnley Hall, Yorkshire, aliombwa achore meli ya kivita ili wenyeji wapate picha ya ukubwa wake. Mwana wa mwenyeji aliketi karibu naye asubuhi ile akaona: Turner alimwaga rangi mpaka karatasi ikalowa chepechepe, akairarua, akaikwaruza, akaisugua kama mwenye wazimu, fujo tupu, kisha kidogokidogo meli ikatokea, na wakati wa chakula cha mchana picha ilikuwa tayari. Mianga ya maji alikuwa akiikwangua kwa ukucha wa kidole gumba, ambao inasemekana aliufuga kwa kazi hiyo. Watu husimulia kisa hiki kuthibitisha kwamba kifaa si kitu. Mimi nasikia neno moja tu humo: aliufuga. Ukucha haufugwi kwa asubuhi moja. Siku ile hakuchagua chochote, alikuwa ameshachagua, wiki nyingi kabla ya meli.

Kwenye mkebe wangu sasa zimo tatu. Ile ya kicheche, ya mviringo, nambari 10. Bapa ya inchi moja, ya nailoni, kwa bahari na kuta. Na moja ndefu, nyembamba, ambayo Waingereza waliipa jina la kamba za meli kwa kuwa ilitumika kuzichora. Nayo nilipoipeleka ufukweni kuchora henza na demani za majahazi nilihisi imefika kazini kwake. Nazilaza zikauke, sizisimamishi ndani ya kikombe, na wakati wa masika siufungi mkebe zikiwa mbichi, maana ukungu hauchukui usiku mbili. Nondo nao hupenda kicheche kuliko mimi, kwa hiyo nimetia karafuu chache. Picha zangu huanza na harufu ya kabati la bibi harusi.

Nambari 10 inakwisha. Karatasi ya pamba ni kama msasa kwa ncha, na miaka minne imetosha kuila. Imelika upande mmoja, upande wa mkono wangu; rafiki aliyeiazima wiki iliyopita aliirudisha akisema ina kasoro, inavuta kushoto. Kwangu inakwenda moja kwa moja. Najua siku inakuja nitakapoishusha cheo, iwe ya kufyonzea rangi iliyozidi, na sijui nitafanya nini na kile nilichojiwekea kuhusu ya kwanza na ya mwisho.

Mwezi uliopita nilirudi kwa mzee kununua mita tatu za kamba ya katani. Hakunikumbuka, au alijifanya. Alipima kwa kunyoosha mikono kifuani, kisha akapapasa chini ya meza, akafungua droo, akaifunga, akafungua nyingine. Nyuma ya kichwa chake mikasi mipya ilining'inia ukutani, dazeni nzima, vibandiko vya bei bado viking'aa. Nikamwonyesha kwa kidole.

"Hiyo?" akasema, bila hata kugeuka. Akamwita mjukuu wake aliyekuwa nje. "Wewe! Mkasi wangu umeupeleka wapi?"

Mtoto akajibu kwamba upo nyumbani, bibi aliuchukua kukatia bamia. Basi kaulete, akaambiwa. Mzee akaikunja kamba yangu taratibu, akaiweka mezani, akanisogezea kiti.